Mngurumo Aliousimulia Baba

Jumamosi moja ya mwezi wa Septemba nilitoka zamu ya usiku hospitalini, nikaoga, nikabadilisha nguo, na badala ya kulala nikapanda basi kutoka mji wa Lincoln kwenda Coningsby, kijiji kilichozungukwa na mashamba tambarare ya mashariki mwa Uingereza, ambako kuna kanisa la kale ambalo saa ya mnara wake ina mshale mmoja tu na, si mbali na hapo, uwanja mkubwa wa ndege za kijeshi. Nilikuwa nimepata habari kwamba alasiri ile, upepo ukiwa mtulivu, Lancaster itapaa. Nimeishi huku Lincolnshire kwa miaka kadhaa, na nilikuwa nimekwisha kuiona ndege hiyo ikiwa imetulia ndani ya banda lake, lakini sikuwa nimewahi kuiona hewani. Nilitaka kuiona hewani, na hasa kuisikia, kwa sababu ambayo sidhani kama mwingine yeyote aliyesimama kwenye uzio siku ile alikuwa nayo.

Lancaster ni ndege ya kuangusha mabomu iliyobuniwa na Roy Chadwick wa kampuni ya Avro. Iliruka kwa mara ya kwanza Januari 1941, na tangu mwaka uliofuata hadi mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia ikawa ndiyo tegemeo kuu la Waingereza katika mashambulizi ya usiku dhidi ya Ujerumani. Zilitengenezwa 7,377, zikiwemo 430 zilizoundwa nchini Kanada. Leo zenye uwezo wa kuruka ni mbili tu duniani: moja iko Hamilton, Ontario, na nyingine, yenye namba PA474, iko hapa Coningsby mikononi mwa kikosi cha kumbukumbu cha jeshi la anga la Uingereza. Agosti 2014 ile ya Kanada ilivuka Atlantiki ikaja kuruka pamoja na mwenzake, na wenyeji wa huku bado wanayazungumzia majuma yale kama watu wanavyozungumzia harusi kubwa iliyowahi kufanyika kijijini.

Sababu yangu ni baba.

Baba alikuwa mchoraji wa ramani. Alianza kazi Nairobi miaka ya mwanzo ya uhuru, akaifanya hadi kustaafu. Nilipokuwa darasa la tano alinichukua Jumamosi moja hadi ofisini kwake Ruaraka, akanikalisha kwenye kiti kirefu mbele ya meza yenye taa, akaweka picha mbili nyeusi na nyeupe chini ya kifaa chenye miguu minne na lenzi mbili mfano wa miwani, kisha akanishika kichwa taratibu na kukisogeza hadi macho yangu yakakaa mahali pake. Mwanzoni niliona picha mbili za kijivu zinazofanana, zikielea moja juu ya nyingine bila kutulia. Baba akaniambia nisikodoe macho, niyaache yapumzike. Mara zikaungana, na kilima kikanyanyuka kutoka mezani. Mabonde yakazama pande zote, njia ya mbuzi ikapanda ubavuni kama uzi mweupe, na nyumba za msonge zikasimama, kila moja na kivuli chake. Nilinyoosha kidole ili nikiguse kile kilima, kidole kikagonga karatasi bapa.

"Hapo ni kwetu," baba akasema. "Ile miti miwili ndipo boma la babu yako."

Alinieleza jinsi inavyokuwa. Ndege huruka kwa mstari ulionyooka, katika kimo kisichobadilika, na kamera iliyo tumboni mwake hupiga picha moja baada ya nyingine kwa namna ambayo kila picha hurudia sehemu ya ile iliyotangulia, kiasi cha asilimia 60. Kwa hiyo kila kilima huwa kimepigwa kutoka mahali pawili tofauti angani, kama vile macho mawili ya mtu yanavyokitazama kitu kutoka mahali pawili tofauti usoni, na akili ikipewa picha hizo mbili kwa mpigo, huziunganisha na kuona kimo. Mchoraji anayejua kazi yake anaweza kufuata kimo hicho kwa kalamu na kutoa mistari ya mwinuko ambayo sisi wengine huiona kwenye ramani bila kufikiri ilitoka wapi. Pembeni mwa picha zile mbili paliandikwa namba, tarehe ya mwaka 1948, na herufi tatu: RAF, yaani jeshi la anga la Uingereza.

Mwaka 1948 baba alikuwa na umri wa miaka kumi, mchungaji wa mbuzi katika vilima vya Machakos. Aliikumbuka ndege yenyewe, au tuseme aliukumbuka mngurumo wake, kwa sababu ndege ilikuwa juu mno kiasi kwamba ilionekana kama kijiti kinachong'aa. Alisema ulikuwa kama sauti ya mzinga uliogongwa kwa fimbo: nyuki wote wanaamka kwa pamoja ndani ya gogo, husikii nyuki mmoja, unasikia gogo lenyewe likitetemeka. Ilikuja asubuhi, siku kadhaa mfululizo. Ilipita moja kwa moja kama mtu anayelima tuta, ikapotea upande mmoja, ikageuka, ikarudi sambamba na pale ilipopita kwanza. Wazee hawakuipenda. Walikuwa bado wanakumbuka mwaka 1938, serikali ya kikoloni ilipowatwaa ng'ombe wa Wakamba kwa jina la kupunguza mifugo, hata Muindi Mbingu akaongoza umati wa watu kwenda Nairobi kupinga, na hivyo walipoiona ndege inayokwenda na kurudi juu ya malisho yao walisema inahesabu ng'ombe. Watoto waliamriwa kuingiza mifugo chini ya miti.

Nilikua na hadithi hiyo bila kujua ile ndege ilikuwa ya aina gani. Baba alijua tu kwamba ilikuwa ndege kubwa ya vita yenye injini nne, na kwamba ilitokea Eastleigh, Nairobi.

Nilipohamia huku ndipo mambo yalipoanza kuungana. Mwezi wa Mei, nikiwa likizo, nilikwenda Coningsby kutembelea banda ambamo kikosi cha kumbukumbu hutunza ndege zake. Wageni huongozwa na wazee wanaojitolea, na aliyetuongoza sisi aliijua PA474 kama mtu anavyomjua mnyama wake wa kufuga. Alituonyesha safu za ribiti zinazokwenda ubavuni mwote, sinia za bati zilizowekwa chini ya kila injini kukinga matone ya mafuta, na milango mirefu ya tumbo ambamo mabomu yalipakiwa. Alisema ndege hii ilikamilika mwisho wa Mei 1945, karibu na mji wa Chester, majuma machache baada ya Ujerumani kusalimu amri. Ikapangiwa kwenda Mashariki ya Mbali kupigana na Wajapani, nao wakasalimu amri Agosti kabla haijaondoka. Haikuwahi kumwangushia mtu yeyote bomu. "Ikatumwa Afrika ya Mashariki na ya Kusini kupiga picha za upimaji," alisema, kisha akaendelea na mengine.

Mimi nilibaki palepale. Watu wa kundi letu walisogea kwenye Spitfire, ndege ndogo ya kivita, nami nilikuwa bado nimesimama chini ya lile tumbo jeusi, nikilitazama.

Baadaye nilisoma kila nilichoweza kupata. Kikosi kilichotumwa kilikuwa namba 82. Lancaster zake zilivuliwa bunduki zote pamoja na vibanda vya vioo vya wapiga bunduki, matundu yakazibwa kwa mabati, na kamera zikawekwa ndani. Kikosi hicho kilifanya kazi katika makoloni mengi ya Kiingereza barani Afrika hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kambi yake ya upande wetu ilikuwa Eastleigh, uwanja ambao leo ni wa jeshi la anga la Kenya. Picha zilikwenda Uingereza katika idara iliyoanzishwa mwaka 1946 chini ya Martin Hotine kwa ajili ya kuchora ramani za makoloni. Huku chini, wapimaji pamoja na wasaidizi wao Waafrika, ambao majina yao hayakuandikwa kwenye ramani yoyote niliyowahi kuiona, walipanda vilima wakiwa wamebeba vyombo na saruji, wakajenga alama za kupimia ili kila picha ipate mahali pa kushikiza. Kutokana na kazi hiyo ndipo zilipoanza kupatikana zile ramani za kipimo cha 1:50,000 ambazo wanafunzi wa jiografia katika Afrika Mashariki wamezisoma kwa vizazi.

Sidai kwamba PA474 yenyewe ndiyo iliyopita juu ya mbuzi wa babu. Kikosi kilikuwa na Lancaster kadhaa. Lakini ni ndege ya aina ileile, ya kikosi kilekile, iliyofanya kazi ileile katika nchi zetu, na ni hiyo peke yake kati ya zile za kikosi hicho ambayo mtu anaweza leo kusimama chini yake ikipita angani.

Jambo ninalotaka kulisema waziwazi ni kwamba miaka ile ya Afrika inastahili zaidi ya sentensi moja. Ukisikiliza historia ya ndege hii, utaambiwa kwa urefu juu ya vita ambavyo haikupigana, kwa kuwa imepakwa rangi na kuandikwa herufi za ndege nyingine zilizopigana, na nalielewa hilo, kwa maana imekabidhiwa kazi ya kuwakumbuka waliokufa. Lakini kazi ambayo ndege hii iliifanya kweli, kwa mwili wake yenyewe, ni kuipiga picha ardhi ya kwetu. Na kazi hiyo haikuwa ndogo wala haikuwa safi kabisa. Wazee wa Machakos walikosea kuhusu ng'ombe, lakini hawakukosea walipohisi kwamba anayekutazama kutoka juu na kukuchora ana nia na ardhi yako. Ramani zilitengenezwa kwanza kwa mahitaji ya wakoloni. Baadaye, katika sehemu nyingi za Kenya, mipaka ya mashamba ya watu ilichorwa juu ya picha za anga zilizokuzwa, kwa kufuata ua wa miti ulioonekana pichani, na hati zilizotokana na michoro hiyo ndizo watu wanazobeba mahakamani hadi leo. Baba aliwahi kuniambia kwamba katika kazi yake hakuna kilichomtia hofu kama unene wa kalamu, kwa sababu mstari wa wino wenye unene wa nusu milimita, kwenye ramani ya 1:50,000, ni mita 25 za ardhi ya mtu.

Nimesema PA474 haikuwahi kuangusha bomu vitani. Hilo hunifariji, lakini haliniruhusu kusahau ndege hii iliundwa kwa kazi gani. Kwenye kilima cha Canwick, juu ya mji wa Lincoln, kuna mnara wa chuma wa kumbukumbu ambao urefu wake ni mita 31, sawa na upana wa mabawa ya Lancaster kutoka ncha hadi ncha. Umezungukwa na kuta za chuma zilizochongwa majina zaidi ya 57,000. Vijana wapatao 125,000 walihudumu kama wanaanga katika kamandi ile ya ndege za mabomu, wote kwa kujitolea, na 55,573 kati yao walikufa. Wengi walikuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo. Mimi huuguza watu wa umri huo, wanaoletwa wakiwa wameanguka na pikipiki, na mama zao hukaa kando ya kitanda usiku kucha, kwa hiyo nikisimama mbele ya kuta zile siwezi kuyasoma majina kwa haraka.

Hawakuwa Waingereza peke yao. Cy Grant alitoka Guyana, akawa mwongoza njia wa Lancaster katika uwanja wa Elsham Wolds, kaskazini mwa mkoa huuhuu, hadi ndege yao ilipotunguliwa Juni 1943 naye akatekwa. Johnny Smythe alitoka Freetown, Sierra Leone, akawa mwongoza njia katika ndege aina ya Stirling, akatunguliwa Novemba mwaka huohuo, akatekwa pia, na miaka ya baadaye akawa mwanasheria mkuu wa nchi yake. Ninawataja kwa sababu hata mimi, kabla ya kufika huku, nilidhani vita vya angani havikuwahusu watu wa rangi yetu, na kwamba sisi tulikuwa tu wale keya, askari wa jeshi la King's African Rifles, waliotumwa kutembea kwa miguu katika misitu ya Burma.

Na chini ya ndege hizo walikuwako watu. Hamburg, Julai 1943, moto ulioanzishwa na mabomu ulivuta hewa kwa nguvu ya kimbunga na kuua makumi ya maelfu ya wakaazi. Dresden, Februari 1945, walikufa wapatao 25,000. Halafu miezi miwili tu baadaye, mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, Lancaster hizohizo zilipita chini kabisa juu ya Uholanzi zikiangusha magunia ya chakula kwa watu waliokuwa wanakufa njaa. Sijui namna ya kuyapima mambo haya katika mizani moja, wala sidhani kwamba kumpenda rubani wa miaka ishirini aliyekufa kunanilazimisha kumsahau mtoto wa Hamburg.

Katika Lancaster nyingine, iliyoko East Kirkby, mwendo mfupi kutoka Coningsby, ambayo hutembea ardhini kwa injini zake lakini bado haijarudi angani, niliwahi kuingia ndani. Kutoka nje ndege hii ni kubwa kama nyumba. Ndani ni kama mfereji. Boriti kuu inayobeba mabawa imekatiza katikati ya njia, imefika mapajani, na kila aliyetaka kwenda mbele au nyuma ilimpasa kuiparamia gizani, akiwa amevaa nguo nzito za baridi, na hewa ya kupumulia ikimfikia kwa mpira. Nilipoivuka nilifikiri kama muuguzi: kijana akijeruhiwa kule mkiani, wenzake wangempitishaje hapa? Wanaanga walikuwa saba, na mpiga bunduki wa mkiani alikaa peke yake kwa saa nyingi akitazama kule walikotoka, katika baridi ya kugandisha. Nilikaa ndani ya sehemu ile kwa dakika chache tu, milango ikiwa wazi na jua likiwaka nje, nikatamani kutoka.

PA474 yenyewe iliponea kidogo tu kuangamia. Iliporudi kutoka Afrika ilipangiwa kugeuzwa kuwa ndege ya majaribio isiyo na rubani, mpango ukabadilishwa. Ikapelekwa Cranfield, ikasimikwa vipande vya mabawa ya majaribio mgongoni ili wanasayansi wapime mkondo wa hewa, kazi iliyoendelea hadi 1964. Mwaka 1965 kikosi namba 44, ambacho wakati wa vita kilikuwa cha kwanza kupokea Lancaster, kilipewa ndege hii kuitunza katika uwanja wa Waddington, na mafundi wakaanza kuirudishia viungo vyake kimoja kimoja. Kibanda cha bunduki cha mgongoni kilipatikana Argentina, kikaletwa kwa meli ya kivita. Mwaka 1973 ikajiunga na kikosi cha kumbukumbu. Majira ya baridi ya 1995 hadi 1996 ilibadilishwa ile boriti kuu ya mabawa, sawa na kumbadilishia mtu uti wa mgongo, na Mei 2015 injini moja ilishika moto hewani, ikatua salama, na mwezi Oktoba ikaruka tena. Ninapoona watu wazima wakipiga magoti kupangusa mafuta chini ya injini iliyowazidi umri, kwa kitambaa, bila haraka, ninamkumbuka baba akisafisha kalamu zake.

Basi Jumamosi ile nilisimama kwenye uzio tangu saa nane. Uwanja wa Coningsby ni kambi ya ndege za kisasa aina ya Typhoon, na mbili kati ya hizo zilipaa mbele yetu kwa kishindo cha kupasua masikio, zikatoweka mawinguni kabla sijaondoa mikono kichwani. Baada yake kukawa kimya kirefu. Kando yangu alikaa mzee wa Kiingereza kwenye kiti cha kukunja, pamoja na mjukuu wake, na walikuwa wanagawana mkate. Hatukuzungumza. Kisha upande wa pili wa mabanda ilisikika injini moja ikikohoa, ikashika. Ikafuata ya pili, ya tatu, ya nne, na mzee akaweka mkate wake chini.

Ilijitokeza polepole, pua juu, mkia chini, rangi ya kahawia na kijani mgongoni na nyeusi tititi tumboni. Ilikaa mwanzoni mwa njia ya kurukia kwa muda ambao nilihisi ni mrefu mno. Ilipoanza kukimbia, mkia ndio ulionyanyuka kwanza, ikawa inakimbia kwa magurudumu mawili ya mbele, imenyooka, na kisha nikaona mstari mwembamba wa anga kati ya magurudumu na ardhi. Hakukuwa na kishindo. Iliiacha ardhi kama mtu anayeinuka kutoka kwenye kiti bila kutaka kumwamsha mtoto aliyelala.

Ikaenda mbali, ikawa doa juu ya mashamba, nikadhani imekwisha kuondoka. Wengine waliendelea kusimama, nami nikasimama. Ndipo nikasikia. Kwanza haikuwa sauti, ilikuwa kitu kwenye uzio: nilikuwa nimeshika waya, na waya ukaanza kutetemeka vidoleni mwangu. Halafu mngurumo wenyewe ukafika, na sikuhitaji kufikiri. Injini nne za Merlin hazilingani kabisa mwendo wake, kwa hiyo sauti zake hukutana na kuachana, zikipanda na kushuka kama pumzi, na husikii injini hata moja peke yake. Unasikia gogo zima. Baba alikuwa amenipa maneno hayo zaidi ya miaka arobaini iliyopita, na kwa miaka yote hiyo nilidhani ni namna tu ya kunogesha hadithi.

Ilipita juu yetu chini kiasi kwamba niliona mwanga ukipenya vioo vya mkiani na kutoka upande wa pili. Niliona duara za rafadha, mistari ya mafuta iliyochirizika nyuma ya injini, na ile milango mirefu ya tumbo, imefungwa. Mjukuu wa yule mzee alipunga mkono. Mimi nilikuwa nimenyanyua simu kurekodi, nikasahau kuitazama, kwa hiyo video yangu inaonyesha majani na viatu vya watu tu, lakini sauti imeshikwa yote, tangu mwanzo hadi ilipofifia upande wa bahari.

Jioni nilimtumia baba sauti ile. Ana miaka themanini na kitu sasa, anaishi Machakos kwa dada yangu, na macho yamemwacha kabisa, lakini masikio bado ni mazima. Dada aliniambia baba alimwomba aicheze mara tatu, na mara ya tatu akamwambia atoe redio na kuwanyamazisha watoto. Kisha akanipigia mwenyewe.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Lakini hii ilikuwa chini sana, mwanangu. Zile zilikuwa juu, mngurumo ulikuwa unafika ndege imekwisha kupita." Akanyamaza kidogo. "Ilipita saa ngapi?"

Nikamwambia ilikuwa saa kumi alasiri.

"Basi hiyo haikuwa kazini," akasema. "Zetu zilikuwa zinapita asubuhi, kabla mawingu hayajapanda."